Hela Inayobaki Nje ya Geti

Mheshimiwa Mwenyekiti, viongozi wa vituo na vikundi vya sanaa, walimu wa ngoma na wa uchoraji, maofisa utamaduni kutoka manispaa zetu, mabibi na mabwana. Habari za asubuhi. Wakubwa zangu shikamooni, maana naona humu ndani wapo walionifundisha.

Mimi ni mhasibu. Baadhi yenu mnanifahamu kama yule mtu wa kupiga simu mwisho wa mwezi kudai risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, na jina mlilonihifadhia kwenye simu zenu naweza kulikisia. Leo sikuja kudai risiti. Nimeombwa nizungumzie mchango wa taasisi za sanaa katika uchumi wa jiji hili la Dar es Salaam, na nitabaki kwenye kundi moja tu: taasisi zisizogawana faida. Nazungumzia zile ambazo mwisho wa mwaka, kikibaki kitu, hakuna mwenye hisa anayekuja kuchukua chake. Kilichobaki kinarudi kwenye kazi. Kituo cha wachoraji kilichosajiliwa kama asasi, kikundi cha maigizo, chuo cha muziki kinachoishi kwa ruzuku, klabu ya taarabu ya wanachama. Lebo za Bongo Fleva zina wasemaji wao.

Kuna mazoea ya kuziona taasisi hizi kama watu wa kuomba. Ofisa akisikia asasi ya sanaa imebisha hodi, mkono unaenda mfukoni au unaenda kwenye kitasa cha mlango. Nasi tumemsaidia kufika huko, kwa sababu barua zetu nyingi kweli ni za kuomba. Ninachodai mimi ni kwamba sehemu kubwa ya tunachozalisha haimo kwenye vitabu vyetu, kwa kuwa haiingii mifukoni mwetu. Inabaki nje ya geti, mikononi mwa watu ambao hawajawahi kusaini karatasi yetu hata moja, na sisi hatuiandiki.

Chukueni onyesho la Jumamosi usiku. Tuseme kituo kiko Mikocheni, kiingilio shilingi 10,000, na wamekuja watu 300. Jumatatu mezani kwangu kitafika kitu kimoja: milioni tatu. Nitatoa malipo ya wasanii, nitatoa kukodi spika na taa, mafuta ya jenereta, walinzi, vibali, usafi, na nikifika chini ya ukurasa nitakuta tumepungukiwa, pengo ambalo ruzuku ya mfadhili italiziba. Kwa vitabu vyangu, usiku ule ulikuwa wa hasara.

Sasa tokeni nje. Vijana wa bodaboda wameshajipanga tangu jioni, na watarudi tena saa nne usiku, maana ratiba yetu wanaijua kuliko wajumbe wa bodi. Kuna waliokuja na bajaji kutoka Mwenge, kuna waliopanda daladala mbili kutoka Gongo la Mboto na watarudi kwa gari la kukodi kwa kuwa usiku daladala ni za kubahatisha. Mama wa chipsi amehamisha jiko lake kutoka kituoni akalileta karibu na ukuta wetu. Siku hiyo ameongeza trei za mayai, na amemwita binti wa dada yake amsaidie kumenya viazi. Binti huyo ataondoka na chochote. Pembeni yake kuna wa mishikaki, kuna wa kahawa na kashata, kuna kijana wa maji baridi mwenye beseni kichwani. Duka la mangi lililozoea kufunga saa tatu limefunga saa tano. Na mchana wa siku hiyo kuna saluni huko Sinza iliyosuka vichwa kadhaa kwa sababu watu wanatoka jioni. Katika hao wote hamna hata mmoja aliye kwenye orodha yangu ya malipo.

Ndani ya geti nako hela haikai. Fundi spika amekuja na kirikuu ya kukodi na vijana wawili wa kubeba. Mavazi ya ngoma yameshonwa na fundi cherehani wa Mwananyamala, kitambaa kimetoka Kariakoo. Yule fundi akilipwa leo, kesho hela ni LUKU ya umeme, keshokutwa ni kodi ya fremu, na inayobaki ni ada ya mtoto. Shilingi moja ya onyesho inapita mikono kadhaa kabla haijatoka mjini.

Wenzetu Marekani wanaifanya hesabu hii tangu miaka ya 1990. Kuna shirika linaloitwa Americans for the Arts. Hesabu yao ya sita, iliyohusu mwaka 2022 na kutolewa 2023, ilishirikisha maeneo 373. Njia yao mtu yeyote humu anaiweza: walisimama kwenye maonyesho na karatasi fupi, wakawauliza watazamaji zaidi ya 224,000 wametumia nini kwa ajili ya kuja pale. Chakula, usafiri, mahali pa kulala, zawadi, hata hela ya kumlipa mtu abaki na mtoto. Wastani ukawa dola 38.46 kwa kila kichwa, bila kuhesabu kiingilio. Kwa nchi nzima walifikia dola bilioni 151.7 za shughuli za kiuchumi zinazotokana na taasisi za sanaa na utamaduni zisizo za kibiashara, pamoja na ajira milioni 2.6 na kodi bilioni 29.1 kwa ngazi zote za serikali.

Namba hizo ni za kwao, msizibebe mkaenda nazo halmashauri. Ninachotaka mkitazame ni mgawanyo. Katika zile bilioni 151.7, taasisi zenyewe zilitumia bilioni 73.3. Watazamaji walitumia bilioni 78.4. Kwa hiyo hela ya nje ya geti iliipita ya ndani, na huo ni mwaka ambao kumbi nyingi zilikuwa bado zinachechemea baada ya UVIKO-19. Halafu karibu watu 30 katika kila 100 walikuwa wametoka nje ya eneo la onyesho, na hao walitumia takriban mara mbili ya mwenyeji. Mtu aliyesafiri hula mjini na hulala mjini.

Sisi tuna nini? Tuna takwimu za serikali za ukuaji wa shughuli za sanaa na burudani, na zinang'aa kwelikweli: asilimia 19.4 mwaka 2021, asilimia 19.0 mwaka 2022, zikitangulia sekta nyingine zote. Wanaotaka kupiga makofi wapige kidogo kidogo. Kitu kidogo hukua haraka, na sehemu ya sekta hiyo katika pato la taifa haijafika hata asilimia 1. Tena humo ndani tumechanganywa wote kwenye sufuria moja, klabu ya taarabu na tamasha la kampuni ya simu, wala huwezi kuchungulia ukajua kipi ni cha nani. Mama wa chipsi ndiyo kabisa hayumo. Yeye kama kahesabiwa, kahesabiwa kwenye chakula.

Ajabu ni kwamba mji huu uliwahi kuielewa hesabu hii vizuri sana. Bendi ya NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 ikiwa mali ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa vya chama, wanamuziki waajiriwa wenye mshahara wa mwezi. Baadaye Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC, likawa na bendi ya Mlimani Park, na wale wa rika langu mnajua jinsi watu walivyokuwa wakivuka mji mzima kuwafuata. Shirika hilo lilikuwa na bendi na lilikuwa na kumbi zenye baa. Walijua kwamba mlango na kaunta ni hesabu moja; bendi ikipiga vizuri, bia inatoka. Hakuna aliyemwita mpiga gitaa mzigo wa shirika. Na tukivuka maji kidogo, Ikhwani Safaa ya Zanzibar ni klabu ya taarabu ya wanachama tangu mwaka 1905, imepita chini ya sultani, mkoloni, mapinduzi na muungano. Kampuni ngapi za mwaka huo zipo leo?

Ila kuna faida nyingine ambayo hata karatasi ya Wamarekani haiikamati vizuri, nayo kwangu ndiyo nzito zaidi. Ni watu.

Nyumba ya Sanaa ilianza hapa Dar es Salaam mwaka 1972, na baadaye ikawa na jengo lake upande wa Upanga. George Lilanga, ambaye kazi zake zimezunguka dunia, inasimuliwa kwamba aliingia pale kwanza kama mlinzi. Hebu iwekeni hiyo kwenye vitabu. Mwaka ule ingeandikwa mshahara wa mlinzi, gharama. Hakuna safu ya kuandika kwamba mlinzi huyo ameshika rangi, na kwamba baada ya miaka kadhaa michoro yake itanunuliwa na wageni na kuwapa kazi vijana wengi waliochora chini yake. Jengo lenyewe leo halipo. Nikipita maeneo yale huwa nageuza shingo, sijui natafuta nini.

Edward Saidi Tingatinga alianza kupaka rangi ya baiskeli kwenye vipande vya ubao wa dari mwaka 1968, akiuza kwa wakazi na wageni wa Oysterbay. Alifariki 1972. Miaka minne tu! Wanafunzi na ndugu zake wakaendelea, na mwaka 1990 wakawa ushirika. Najua kisheria ushirika si asasi, wanachama wanagawana, naona wakili wetu ameshanyanyua kichwa. Lakini kilichowashikilia pamoja hadi leo ni paa la pamoja na kufundishana bila ada, na mtindo huo sasa unauzwa hapa, Mji Mkongwe na Arusha na watu wasio na ukoo wowote na yeye.

Kwenye muziki mnaijua THT, yaani Tanzania House of Talent, iliyoanzishwa mwaka 2005 kulea vipaji. Barnaba, Linah, Mwasiti walipita pale. Tiketi zao zilipokuja kuuzwa, ziliuzwa na mapromota, na matangazo yakaenda redioni. Gharama ya kumfundisha kijana kupanga sauti akiwa hana nauli ilibaki kwa aliyemfundisha. Vivyo hivyo Nafasi Art Space pale Mikocheni, tangu 2008: msanii anapata karakana ndani ya kontena kwa bei anayoimudu, anakutana na wenzake, anaondoka akiwa na kazi za kuuza. Anayefaidi baadaye ni nyumba ya sanaa ya kibiashara, hoteli iliyonunua picha za ukutani, kampuni ya matangazo iliyomwajiri. Biashara ya sanaa ya nchi hii inavuna shamba ambalo haikulima, na sisemi kwa chuki. Hiyo ndiyo kazi ya taasisi zisizogawana faida. Nasema tu iandikwe.

Na jambo likikosekana ndiyo unaona uzito wake. Sauti za Busara, lile tamasha la muziki, imekuwa ikifanyika Zanzibar kila Februari tangu 2004, chini ya asasi isiyo ya kibiashara. Mwaka 2016 haikufanyika kwa sababu hela haikutimia. Wenye nyumba za wageni Mji Mkongwe, wenye teksi, wauza pweza wa Forodhani hawakuwahi kuombwa kuchangia tamasha lile, wala pengine hawakujua kwamba lina mweka hazina asiyelala. Walijua Februari ile.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana mhasibu anayejumlisha tu bila kutoa ni mtu wa masoko.

Hesabu hizi zinatiwa chumvi kirahisi mno. Mkazi wa Mwenge aliyetumia shilingi 25,000 kwenye onyesho letu, kama tusingekuwepo hela ile asingeichoma moto. Angekula kitimoto Sinza, au angekwenda kibanda umiza kuangalia mpira. Kwa uchumi wa jiji, hela yake imehama kiti. Ndiyo maana wachumi wengi huzikunjia uso ripoti za namna hii, na wana haki. Hela mpya kwa Dar es Salaam ni ya mtu aliyetoka Morogoro au Nairobi kwa sababu yetu, au ya yule ambaye bila sisi angekaa nayo. Kwa hiyo swali la lazima kwenye karatasi yenu ni hili: kama onyesho hili lisingekuwepo, leo ungekuwa wapi? Wengi watajibu nyumbani nimelala. Sawa, andikeni.

Pia toeni kinachovuja. Spika imetoka China, rangi nzuri zimetoka Ulaya, na shilingi ya kununulia inaondoka siku hiyohiyo. Ruzuku za nje ni hela mpya kabisa kwa nchi, na zikilipa mishahara ya watu wa hapa ni faida halali ya kuitangaza. Lakini nimeona bajeti ambazo theluthi nzima inarudi ilikotoka kwa tiketi ya ndege na posho ya mshauri aliyekaa wiki moja hotelini. Hiyo msinihesabie.

Halafu kuna kazi ambazo hazina hesabu na zisitafutiwe. Bibi anayesimulia hadithi kwa watoto Mbagala kila Jumapili haleti bodaboda hata moja. Tukianza kuchagua cha kuonyesha kwa kuangalia idadi ya mishikaki iliyouzwa nje, tutaishia kuwa baa yenye jukwaa. Namba ni ya kumfungulia mlango ofisa mipango, ikishafungua ikae kimya.

Kuhusu kodi nitasema kidogo, ingawa ndiko ninakoweza kuwalaza usingizi hadi Adhuhuri. Watu wanadhani asasi hazilipi. Tunakata kodi za mishahara, tunapeleka NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 20 ya mshahara wa mwajiriwa, yeye na sisi. Tukinunua mitambo tunalipa VAT, na kwa kuwa wengi wetu hatujasajiliwa kwenye VAT, haturudishiwi, imekwenda. Na kuna jambo ambalo naomba mwanasheria na Baraza la Sanaa walibebe. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, ilipoeleza ni taasisi zipi zihesabiwe kuwa za hisani, ilitaja kupunguza umaskini, elimu, afya, maji, barabara. Sanaa haikutajwa. Kwa hiyo kituo cha ngoma kikitaka kutambuliwa, lazima kiandike katiba yake kana kwamba ni shule. Ndiyo maana katiba zenu nyingi zinafanana na za shule, na mkaguzi akija anauliza madawati yako wapi.

Mikopo nayo. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unakopesha, na kwa mwenye studio au mtengeneza filamu ni jambo la kheri. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, yaani nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, ni mikopo isiyo na riba, na vikundi vya ushonaji wa mavazi na vya batiki viende vikaombe. Lakini igizo la watoto halirudishi mkopo. Anayerudisha, tukisema ukweli, ni jirani yetu wa chipsi na mwenye duka, kupitia ushuru na leseni wanazolipa manispaa. Manispaa imeshavuna. Inachoweza kuturudishia wala si lazima kiwe fedha taslimu: ukumbi wa kata unaokaa na kufuli wiki nzima, kiwanja chenye taa, choo kinachofanya kazi, kibali kinachopatikana dirisha moja badala ya manne. Hapo ndipo namba zetu zitakapotusaidia, kwa sababu diwani anayeambiwa kwamba onyesho moja limewapa riziki wapiga kura wake kadhaa wa kata ile ile, kwa idadi na kwa aina ya kazi, anasikiliza tofauti na anayeambiwa utamaduni ni roho ya taifa. Hiyo ya roho ameisikia, na anaiamini, na haijawahi kumfanya afungue kufuli.

Basi kazi yenyewe. Nimeandaa karatasi ya ukurasa mmoja, ya Kiswahili. Unatoka wapi, kata gani. Umekuja kwa usafiri gani na umelipa ngapi. Umekula au utakula wapi. Umenunua nini kingine kwa ajili ya leo. Usingekuja, ungekuwa wapi. Asiulizwe jina wala namba ya simu, maana mkigusa simu mtu anadhani ni watu wa mikopo ya mtandaoni na hatajibu lingine lolote. Wanaouliza wasiwe wasanii wa onyesho, na wasichague sura. Muulizeni kila mtu wa tano anayetoka. Na usiku huohuo mmoja wenu azunguke nje ya geti ahesabu wafanyabiashara, awaulize siku ya kawaida wanauza kiasi gani na leo wameuza kiasi gani. Watawapunja kwenye majibu, wakidhani mmetumwa na TRA, watu wa kodi. Nendeni na mtu wanayemfahamu, nunueni mishikaki kwanza.

Fanyeni hivyo kwenye maonyesho ya aina tofauti, yaliyojaa na yaliyododa. Msichague usiku wa sherehe tu, wala usiku wa Simba na Yanga.

Mwenyekiti, naona saa ya chai imeshafika. Karatasi ziko kwenye meza ya mlangoni, chukueni nakala mbili mbili, na wenye maonyesho mwezi huu waandike jina la kituo kwenye daftari la kijani. Nitahitaji vituo sita kuanzia. Zikirudi mezani kwangu nitazijumlisha bila malipo, na nitatoa kila kinachostahili kutolewa, kwa hiyo anayetaka namba kubwa amtafute mhasibu mwingine. Asanteni.